Siku Niliyozamia Meli

Nilipomwambia mama kwamba Jumamosi nakwenda kuzamia meli, alivuta kigoda akaketi kwanza. Kwetu Kipevu neno hilo lina maana moja tu. Kuzamia ni kujipenyeza bandarini usiku, kujificha ndani ya meli ya watu na kuondoka bila pasipoti wala kuaga, ukiomba usigunduliwe mpaka Ulaya. Vijana wawili wa mtaa wetu walizamia nilipokuwa darasa la saba, na mmoja wao hajasikika mpaka leo. Ikabidi nimweleze taratibu: meli ninayoiendea mimi haiondoki. Imelala mchangani nje ya Bamburi tangu mwaka 2002, nami nitaishukia na mtungi wa hewa mgongoni, niitazame, nirudi kula chakula cha mchana. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, maji usiyoyafika hujui wingi wake." Hakunikataza. Alfajiri ya Jumamosi nilikuta mahamri na thamosi ya chai ya tangawizi mlangoni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na karibu kila shilingi niliyowahi kuishika imetoka melini kwa njia moja au nyingine. Ukisimama kwenye mteremko wa Kipevu unayaona yote: meli za mafuta zimefungwa kwenye gati jipya la katikati ya maji, lililozinduliwa mwaka 2022, kreni za makontena upande wa Kilindini, na nyuma yako mitambo ya umeme inavuma usiku na mchana. Jina Kilindini lenyewe limebeba kilindi, maji marefu. Watoto wa huku hujua bendera za meli kabla ya kujua mito ya Kenya. Lakini chini ya maji hayo? Kwa miaka mingi niliamini chini ni mahali ambapo watu huenda bila kutaka.

Nilikuwa na sababu. Ng'ambo yetu ni Mtongwe. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyotoka huko kwenda kisiwani, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, ilipinduka karibu na nchi kavu. Walikufa watu 272. Nilikuwa na miaka saba. Feri sikuiona. Nilichokiona ni watu wazima wa mtaa wetu wamesimama kwenye mteremko, mikono viunoni, wanayatazama maji. Hakuna aliyesema neno. Katika wote wale, wanaume kwa wanawake, sikumjua hata mmoja aliyeweza kushuka.

Miaka 25 baadaye, jioni ya Jumapili tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri katikati ya kivuko cha Likoni, likazama na mama na binti yake mdogo. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya 13, kutoka kina cha mita 58. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walikuwapo, wa bandari walikuwapo, na wengine waliletwa kutoka Afrika Kusini. Siku zile nilikuwa nateremka Likoni kila nikitoka kazini, nasimama na umati. Tulisimama vilevile walivyosimama wale wa 1994. Siku gari lilipotolewa niliamua kwamba nitajifunza kupiga mbizi. Mimi naweza kuujua unene wa bamba la meli kwa kuligonga na nyundo, na sikujua lolote kuhusu maji ninayoyavuka kila wiki.

Kujifunza kulinichukua miaka, kwa sababu ya fedha zaidi ya woga. Ngazi ya kwanza hukuruhusu kufika mita 18, ya pili mita 30, na mpiga mbizi wa kawaida, asiyefanya kazi ya chini ya maji, haruhusiwi kuvuka mita 40. Utaona mwenyewe mita 58 za Likoni ziko wapi katika hesabu hiyo. Nilipofika ngazi ya pili tu nikaanza kuisikia habari ya Dania, meli hiyo iliyolala nje ya Bamburi.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuishukia, nilikwenda Fort Jesus. Nilitaka kuonana na meli zilizokwisha kufikiwa na wengine. Mule ndani kuna vyombo vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyojengwa Bassein, India, mwaka 1681. Ilikuja kuisaidia ngome hiyo, iliyokuwa imezingirwa na Waomani tangu Machi 1696, ikazama mbele ya kuta hizo hizo Oktoba 1697. Ngome nayo ikaanguka Desemba 1698. Meli ikakaa chini karibu miaka 280, mpaka wanaakiolojia walipoanza kuifukua mwaka 1977, wakipiga mbizi mara kwa mara katika maji ambayo mvuvi wa Mji wa Kale huyapita akielekea nje. Hapo ngomeni pia kuna mizinga ya meli mbili za mvuke: mmoja wa HMS Pegasus, iliyozamishwa bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, na mmoja wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha, ambayo nayo ilimalizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Niliigusa yote miwili. Chuma kilichowahi kulala majini kina ngozi yake, kimechimbika vijitundu kama uso wa mtu aliyepona ndui. Nilitoka nikiwa na hamu ya kukigusa kikiwa bado kwake.

Basi Jumamosi. Kutoka Kipevu tuktuk hadi Changamwe, hapo matatu ya mjini. Tulivuka Makupa juu ya daraja lililofunguliwa 2022. Zamani palikuwa na tuta lililoziba mkondo kwa miongo mingi. Sasa maji ya upande wa Kilindini na ya upande wa Tudor yanaamkiana tena. Mwembe Tayari nikabadili gari: Buxton, Daraja la Nyali, Kongowea na soko lake lililokwisha amka, Bombolulu, mpaka Bamburi.

Ilikuwa katikati ya Septemba, kusi inaelekea ukingoni. Ufukweni nilimkuta nahodha, mzee wa Kisauni mwenye kofia ya vito, anafunga mitungi kwenye boti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mahamri mawili."

"Basi inatosha. Huko nje ya mwamba, tumbo tupu hutapika na tumbo lililojaa hutapika."

Alikuwa ameichagua siku hiyo yeye, wiki mbili nyuma, kwa kuutazama mwezi. Alitaka maji mafu. Bamvua likiwa kali, mkondo juu ya Dania humvuta mtu akaachana na kamba kabla hajaiona meli, na anayeachana na kamba huibuka mahali ambapo boti haimwoni. Kiongozi wetu wa chini, kijana wa Bamburi ambaye baba yake ni mvuvi, alikuwa na kompyuta ya mkononi inayohesabu kina, muda na hewa. Lakini siku ya kwenda aliichagua mzee, naye hakubishana.

Tulikuwa wanne. Tulivaa suti za mpira, tukakaguana mikanda, tukarudia ishara. Kidole gumba juu si "sawa", ni "tupande". Mkono ukilala na kutikisika ni "kuna tatizo". Boti ikatoka kwenye mlango wa mwamba, na mawimbi marefu ya kusi yakatupokea. Mwenzetu mmoja, dada aliyekuja kutoka Nairobi, alikuwa amekula zaidi ya mahamri mawili.

Dania ilikuwa meli ya kubebea mifugo, urefu wake takriban mita 75. Haikupigwa na dhoruba wala haikugonga mwamba. Ilipomaliza kazi yake ilisafishwa, ikaondolewa vitu vya hatari, ikazamishwa kwa makusudi ili iwe nyumba ya samaki. Kuna mahali pengine duniani penye meli zilizozamishwa na wenyewe, ila kwa uchungu: Scapa Flow, Uskochi, ambako tarehe 21 Juni 1919 mabaharia wa Kijerumani walifungua valvu za meli zao zilizokuwa zimeshikwa na Waingereza, zikazama 52 kwa siku moja. Watu huzipigia mbizi mpaka leo katika maji ya baridi kali, wamevaa suti zisizopitisha hata tone. Maji yetu hayana ukali huo. Asubuhi ile yalikuwa nyuzi 25. Lakini nisikilize vizuri: nyuzi 25 za hewani humtafutisha mtu kivuli, na nyuzi 25 za majini humtetemesha. Maji hunyang'anya mwili joto lake karibu mara 25 kuliko hewa. Mimi nafanya kazi mbele ya moto siku nzima, na nilianza kuisikia baridi ubavuni kabla hatujafika nusu ya kamba.

Tulishuka tukiifuata kamba ya boya, mkono kwa mkono. Nilikuwa nimejifunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono, kama nilivyoshauriwa. Kwenye mita 5 kilikuwa kimeanza kufifia. Kwenye mita 15 kilikuwa hudhurungi. Chini kabisa kikawa kijivu cha majivu ya jiko. Maji huila rangi nyekundu kwanza. Masikio nikayafungua kwa kubana pua na kupuliza, kila mita, kwa sababu kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na wa anga lote lililo juu yetu. Kwenye mita 30 mwili hubeba mara nne ya kinachobebwa na mtu aliyesimama Changamwe, na kila pumzi hutoa mtungini mara nne ya hewa. Ukiogopa ukahema ovyo, unaitumia hewa yako ukiwa bado hujaona kitu.

Kisha meli ikaja. Sikuiona yote kwa pamoja. Kwanza palikuwa na giza lenye pembe, na baharini hakuna kitu chenye pembe isipokuwa kilichotengenezwa na mtu. Halafu reli ya sitaha, halafu mlingoti, halafu ubavu mzima ukaenda tezi na omo mpaka ukapotelea kwenye ukungu wa buluu. Imekaa wima, kama inayosubiri gati. Moyo ulinipiga mpaka nikausikia mdomoni.

Nilifanya jambo ambalo nadhani fundi yeyote wa kuchomelea angelifanya. Nilitafuta mshono. Karibu na daraja la nahodha, mahali ambapo chaza na matumbawe laini havijafika, niliupata: mstari wa kuchomelea, uliopangika vizuri, magamba yake madogo yamelaliana kama ya samaki. Niliweka kiganja juu yake. Chuma kilichozama baharini hulika takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka kila upande, kwa hiyo bamba lile limeshapoteza unene wa sarafu nene tangu lishuke. Mshono bado umeshika. Aliyeuchora aliinama siku moja kwenye yadi, miwani ya giza usoni, akijua kwamba mkono ukitetemeka watu watakufa. Nilimheshimu sana.

Kiongozi akanigusa bega, akauliza kwa ishara nina hewa kiasi gani. Nikasoma kipimo. Akauliza tena, nikagundua nimesoma na kusahau kabla ya kumjibu. Naitroji iliyo katika hewa, ikipuliziwa mtu kwa mgandamizo huo, hulewesha. Wengine hucheka, wengine huingiwa na hofu. Mimi nilikuwa nimetulia kupita kiasi, napenda kila kitu, na utulivu ule ndio hatari yenyewe. Akanipandisha mita tatu. Akili ikarudi, kama mtu aliyewasha taa chumbani.

Tulipita juu ya falka, ambako zamani ng'ombe na mbuzi walisimama wiki nzima wakiyumba na mawimbi. Sasa wenyeji ni wengine. Chewa mkubwa kuliko mtoto wa darasa la nne alikuwa amesimama mlangoni, hakutupisha. Kolekole walizunguka mlingoti wakienda na kurudi kwa pamoja. Mkunga alichungulia kwenye bomba, akafungua na kufunga kinywa. Mchangani, chini ya tezi, taa alijitikisa vumbi akaondoka bila haraka. Mzee nahodha aliniambia baadaye kwamba mahali hapo, kabla ya meli, palikuwa mchanga mtupu.

Halafu nikasikia kishindo. Kilikuwa mbali na kilikuwa kila mahali: du, du, du, du, taratibu, kikipita mpaka kwenye meno. Sauti majini husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo masikio hayawezi kujua imetoka upande gani. Nilitazama juu nikidhani tumepitiwa. Kiongozi akaninyoshea mkono kuelekea kusini, akachora kwa vidole umbo la meli. Ilikuwa meli kubwa, maili kadhaa kutoka pale, inaingia Kilindini. Nimeisikia milio ya meli maisha yangu yote kutoka Kipevu, na sikuwahi kuisikia kutoka upande huu. Labda saa mbili baadaye ingekuwa imefungwa gati mbele ya macho ya mama yangu. Sijui kwa nini nililia, lakini nililia ndani ya miwani, kwenye mita 27, na chewa ananitazama.

Dakika zetu za chini hazikuzidi 20. Kupanda ni kazi ya subira: si zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika, kisha kusimama dakika tatu kwenye mita 5 ukishika kamba, ili naitroji iliyoingia katika damu itoke pole pole. Anayepanda kwa pupa, naitroji hiyo humtokea kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla, ndani ya viungo na uti wa mgongo. Dakika zile tatu baridi ilinikamata kweli. Nilitetemeka mpaka kamba ikatetemeka. Tulipoibuka, mzee alikuwa ameshafungua thamosi yangu bila kuniomba ruhusa, akanipa kikombe mkononi nikiwa bado nimeshika ngazi.

"Umeifika?"

"Nimeifika, mzee."

Akaashiria mashariki, ambako buluu hugeuka nyeusi. "Hiyo ya hapa ni ya barazani. Za ndani ziko kule."

Nilijua moja ya kule. Babu yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini wakati wa vita vya pili vya dunia, na alikuwa na jina moja la meli ambalo alilitaja hata uzeeni, akilitamka kwa shida: Khedive Ismail. Ilikuwa meli ya mvuke, iliyojengwa Uskochi mwaka 1922. Mwanzoni mwa Februari 1944 ilitoka Kilindini katika msafara wa kwenda Colombo, imebeba zaidi ya watu 1,500: askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu elfu moja, pamoja na mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Meli ilikwisha kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, na waliookolewa ni zaidi kidogo ya 200. Manowari za ulinzi zilidondosha mabomu ya kina kuitafuta I-27, na baadhi ya walionusurika walikuwa bado wanaelea katika maji hayo hayo. Majina ya vijana wa mizinga yameandikwa kwenye kumbukumbu ya makaburi ya vita Nairobi. Makaburi yao hayapo, na walipolala hakuna mpiga mbizi mwenye mtungi mgongoni atakayefika kamwe. Walipita mbele ya Kipevu. Kila niliyemwuliza mtaani kuhusu meli hiyo, kijana kwa mzee, hakuwa amelisikia jina lake.

Nilirudi nyumbani saa tisa alasiri, masikio yamejaa maji ya chumvi. Mama alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda. Akaniuliza nimeona nini. Nikamweleza habari ya chewa, ya mshono, ya kitambaa kilichopoteza rangi, na ya kishindo cha meli. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo tangu siku hiyo sijaweza kuliweka chini: "Na wale wa Mtongwe, ungeweza kuwafikia?"

Peke yangu, hapana. Maji ya kivuko ni machafu, mkondo ni mkali, na mtu wa kujifurahisha na Dania si mwokoaji. Lakini watu wazima waliosimama kwenye mteremko ule hawakukosa ujasiri. Walikosa mafunzo, mtungi na mtu wa kuwaongoza. Nimeona kwa macho yangu kwamba kijana wa mvuvi wa Bamburi anaweza kushuka mita 30 na kuwarudisha watu watatu salama, mmoja wao akiwa amelewa naitroji. Wa Likoni, Mtongwe, Kisauni na Changamwe nao wanaweza.

Kwa hiyo naandika haya nikiwaomba wenye vyuo vya mabaharia, wenye bandari, wenye kaunti na wenye hoteli za ufukweni: wafundisheni vijana wa pwani kupiga mbizi, kwa karo wanayoweza kuilipa, tangu ngazi ya kwanza mpaka ya uokoaji. Mahali pa kufundishia papo, na maji yapo. Likijengwa dimbwi la mafunzo upande wetu wa bara, ngazi za kuingilia majini nitazichomelea mimi, bila malipo.